Kaunta Buku la Baiolojia

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba riwaya nzuri ni ile inayomsumbua msomaji. Mwenyewe sijawahi kupenda kusumbuliwa. Mezani kwangu, katika ofisi ya walimu, kulikuwa na riwaya moja nene, yenye falsafa, niliyoijalidi kwa karatasi ya kaki, na kila mgeni aliyepita aliiona. Alama niliyoweka ndani yake ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Ilikaa hapo miaka sita. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi angalau haendi huku na huku akijisifu kwamba amenyoa.

Nilichokuwa nakitafuta, nikisema kweli, ni kitabu cha kunipoteza. Kitabu ambacho ukikifungua hukumbuki tena kama umepika au hujapika. Sentensi fupi, mtu mbaya ambaye unamjua tangu mwanzo, na mlango unaogongwa mwishoni mwa kila sura. Jumamosi nilishuka mjini kukitafuta kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandika turubai lake karibu na soko. Nilijifunika mtandio mpaka puani kama mtu anayekwenda kununua pombe ya gongo. Nikamwambia natafuta vitabu kwa ajili ya wanafunzi.

"Sawa, mwalimu," alinijibu huku akifuta vumbi kwenye jalada lenye bastola. "Ila hao wanafunzi wako wanapenda mauaji kweli."

Shida ya vitabu vyake ni kwamba vilishapita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kile cha mpelelezi kilikosa kurasa nane za mwisho, na tangu hapo naishi na muuaji nisiyemjua. Binti yangu, anayesoma chuoni Mzumbe, akanihurumia, akaniingiza kwenye kundi la hadithi katika simu. Huko nako mwandishi anakupeleka mbio mpaka mkono wa mtu uko kwenye kitasa, kisha anaweka namba ya kulipia ndipo uendelee. Nilikasirika, nikalipia, nikakasirika tena. Hali yangu ilikuwa hiyo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye miwani ya kusomea na hana cha kusoma, siku nilipokutana na kitabu nilichokuwa nakitafuta maisha yangu yote. Nilikutana nacho kwa kumpokonya mtoto.

Shule yetu ni ya bweni, ya wasichana, iko juu ya mji, kwenye mteremko wa Uluguru, na wakati wa mvua mawingu huingia darasani bila kubisha hodi. Mbali na kufundisha, mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Kila muhula nakamata simu, mafuta ya kubadili ngozi, na hadithi. Hasa hadithi. Wasichana wetu huziandika kwa mkono kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa yenye jalada gumu, na kaunta buku moja hutembea kitanda kwa kitanda mpaka kurasa zinalegea. Mtindo huo ulikuwepo tangu nasoma mimi, na tangu nasoma mimi walimu wanaukataza.

Siku hiyo ilikuwa kipindi cha saba, baada ya ugali, saa ambayo hata mimi husinzia nikijisikiliza. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu maana ya taharuki katika kazi ya fasihi. Msichana mmoja, safu ya tatu dirishani, alikuwa anaandika haraka haraka. Hilo ndilo lililomponza, kwa sababu hakuna mtu anayeandika haraka katika somo langu. Alikuwa mtoto wa wakulima wa karanga wa Gairo, mkimya, ambaye insha zake zilikuwa zinapata thelathini na kitu kwa mia, na pembeni nilishazoea kumwandikia "Jitahidi" bila hata kufikiri. Nilimwendea kwa ncha za vidole, nikanyoosha mkono, nikavuta. Alikuwa bado ameshika kalamu.

Juu ya jalada palikuwa pameandikwa BAIOLOJIA kwa herufi kubwa. Nikaliinua darasa zima lilione, nikasema neno moja la kejeli ambalo silirudii hapa, na darasa likacheka. Yeye alitazama mkono wangu, halafu akatazama kalamu yake.

Nilikwenda nalo nyumbani, kwenye nyumba za walimu hapo hapo shuleni, kutafuta ushahidi. Nilitegemea barua za wavulana. Nikabandika maharage jikoni, nikakaa kwenye kigoda na kalamu nyekundu, maana mimi siwezi kusoma hata risiti bila kalamu nyekundu, nikaanza.

Bibi harusi yuko ndani ya treni na ndugu zake, wanakwenda harusini. Treni inasimama Ngerengere. Anashuka kununua machungwa. Pale stesheni mwanajeshi asiyemjua anamwita kwa jina, na jina analomwita si lake. Ni la pacha wake, waliyemzika wakiwa darasa la nne. Anageuka kumtazama, na treni inaondoka na gauni lake, na shangazi zake, na keki.

Yote hayo kwa ukurasa mmoja na nusu. Mimi nilikuwa nimetumia vipindi viwili kueleza taharuki, na hakuna aliyeipata, hata mimi.

Niliposhtuka, jikoni palikuwa na moshi. Maharage yalikuwa yamekuwa mkaa na sufuria yake, na mimi nilikuwa ukurasa wa themanini na saba, ambao ndio ulikuwa wa mwisho. Bibi harusi alikuwa amefika kwenye nyumba moja nyuma ya reli, amebisha, na ndani kuna mtu anayeimba wimbo ambao ni yeye na pacha wake tu waliokuwa wakiujua. Sentensi ya mwisho ilisema: "Aliyefungua mlango alikuwa". Baada ya hapo ulifuata mstari mrefu wa wino, uliotoka kwenye herufi ya mwisho ukakata ukurasa mpaka pembeni. Nikapindua. Nyuma palikuwa peupe.

Nilikaa nautazama ule mstari muda mrefu kuliko ninavyoona fahari kukiri. Mwanzoni nikamlaumu mwandishi, kama nilivyomlaumu yule wa kwenye simu. Halafu nikaelewa kwamba mstari ule ni mkono wangu. Niliuchora mwenyewe, kipindi cha saba, nilipovuta.

Mtu mwenye akili timamu angelirudisha daftari kesho yake na kusema, "Malizia." Mimi sikuwa mtu huyo, nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeunguza maharage kwa hadithi niliyoikejeli mbele ya wenzake? Basi nikalificha chini ya kanga zangu sandukuni, nikawa nalitoa mara moja moja. Mpaka muhula unakwisha nilikuwa nimelisoma mara nne. Nikijumlisha, nilikuwa nimesoma kurasa nyingi zaidi za yule mtoto kuliko za riwaya zote za falsafa nilizowahi kuzipigia debe.

Mwisho wa muhula pana desturi moja pale shuleni. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sauti isiyohitaji kipaza, huwakusanya wanafunzi mstarini, na vitu vyote vilivyokamatwa huchomwa ndani ya nusu pipa nyuma ya jiko. Orodha husomwa, na kila mwenye kitu husogea mbele akione kikiingia motoni. Orodha naandika mimi. Nilikuwa nimeshaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: kaunta buku moja, kidato cha tatu.

Asubuhi ile nilisimama ofisini jasho likinitoka licha ya baridi ile ya mlimani. Muda ulikuwa unakwisha. Macho yangu yakaangukia mezani, kwenye riwaya nene yenye falsafa. Nikaifunga kwa gazeti, nikaandika juu "Daftari, Kidato cha Tatu", nikaibeba mpaka kwenye pipa kwa uso wa kazi.

Yule msichana aliposogea mbele, nilitupa furushi lile motoni bila kumtazama. Kitabu kilikuwa kizito. Kilichelewa kushika moto kama kilivyochelewa kunishika mimi. Wengine waliochomewa vyao walikuwa wananong'ona na kucheka kidogo, kama watoto wafanyavyo wakitaka kuonyesha hawajaumia. Yeye alisimama amenyooka, mikono nyuma, mpaka gazeti likawa jeusi na kujikunja. Niliona midomo yake ikitembea. Nilidhani ananilaani. Baadaye ndipo nikawaza kwamba labda alikuwa anajisomea.

Nilijipongeza. Hilo ndilo la kuchekesha zaidi. Nilirudi nyumbani najiona shujaa aliyeokoa kazi ya sanaa, nikajipikia chai ya tangawizi. Haikunijia kabisa kwamba kilichookolewa kimeokolewa kwa ajili yangu, na kwamba yule mwenye mali, kwa kadiri anavyojua yeye, hana tena kitu.

Aliyenifungua macho ni matroni wetu, mama wa makamo wa huku huku mlimani, ambaye hulima kabeji zake upande wa juu wa shule na kulala bwenini na wasichana. Muhula mpya ulipoanza alinikuta kwenye ngazi.

"Mwalimu, eti na lile la bibi harusi mlilichoma?"

"Bibi harusi gani?" nikasema.

"Wa Ngerengere. Watoto walikuwa wananisomea nikishona mashuka." Akaweka chini ndoo yake. "Sasa mimi nitajuaje kama treni ilirudi?"

Nikamwambia sheria ni sheria. Akanitazama kama mtu anayetazama kabeji iliyoliwa na wadudu.

"Mwenyewe hashiki tena kalamu," alisema. "Wenzake wamemnunulia kaunta buku jipya, kalitia chini ya godoro, halina hata neno. Nimemuuliza, kasema, 'Bibi, siwezi kuandika kitu kilichoungua.' Haya, mwalimu. Kazi njema."

Neno hilo lilinichoma kweli. Lakini angalieni nilichofanya nalo. Badala ya kufungua sanduku langu, nikapata wazo ambalo ni mwalimu wa Kiswahili peke yake anayeweza kulipata. Niliingia kidato cha tatu, nikaandika ubaoni: "Andika insha isiyopungua maneno mia mbili na hamsini na isiyozidi mia tatu, inayoanza kwa maneno haya: Aliyefungua mlango alikuwa".

Niliuona ujanja wangu umetimia kila upande. Yeye angemalizia hadithi yake, mimi ningeisoma, kalamu yake ingerudi mkononi, na hakuna ambaye angejua lolote. Sikumtazama usoni. Ningemtazama, labda ningeona alichokiona yeye: mwalimu aliyechoma daftari lake sasa kaandika maneno yake ya mwisho ubaoni, ili darasa zima liyachezee.

Nilikusanya insha hamsini na tatu. Mlango ulifunguliwa na majambazi, na marehemu baba, na mkuu wa mkoa, na nyoka wa vichwa saba. Msichana mmoja aliandika kwamba aliyefungua mlango alikuwa madamu wa nidhamu ameshika fimbo, na hadithi ikaishia hapo, maneno kumi na tano tu, kwa sababu aliona haihitaji maelezo zaidi. Nilizipitisha mbio mbio nikiitafuta moja.

Hii hapa ilivyoanza: "Aliyefungua mlango alikuwa mjomba wake. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mjomba, ambaye kwetu huku ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, alimkalisha bibi harusi chini akamshauri aachane na mambo ya mapenzi na arudi shuleni. Bibi harusi akashukuru. Akasoma kwa bidii, akawa daktari, akawajengea wazazi nyumba ya bati. Aya tano. Maneno mia mbili tisini na manane, niliyahesabu. Mwandiko safi, nukta mahali pake, methali mwanzoni na funzo mwishoni. Mwanajeshi hakutajwa. Pacha hakutajwa. Hakuna aliyeimba.

Nilitafuta mahali pa kumpunguzia alama nikakosa. Kwa mwongozo wa kusahihishia, ambao nimeutumia miaka yote na kuwafundisha nao walimu wapya, ilikuwa insha bora kuliko zote nilizowahi kupokea. Nikampa tisini na mbili. Halafu nikaweka kalamu chini, nikalia kidogo, nikajicheka kidogo, maana kwa miaka ishirini na mbili ndicho hasa nilichokuwa nawaomba watoto wa watu waniandikie, na mara ya kwanza nilipokipata sawasawa nilihisi kama nimeua mtu.

Jumamosi, siku ya usafi, nililitoa kaunta buku sandukuni, nikaliweka kwenye kikapu, juu yake nikapanga mchicha. Hata siku ya kutubu nilikuwa bado najificha. Nilimkuta yule msichana peke yake kwenye tangi la maji nyuma ya bwalo, anafua sare.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Acha kufua kidogo."

Alijifuta mikono kwenye sketi na kusimama vile vile alivyosimama kwenye pipa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nikaisahau yote. Nikatoa mchicha, nikatoa daftari, nikasema, "Halikuungua. Nilichoma kitabu changu. Hili nimelisoma mara nne. Nisamehe."

Hakulipokea mara moja. Alilitazama kama unavyomtazama mtu uliyeambiwa kwamba amekufa, na nadhani yeye, kuliko mtu yeyote, alijua mtazamo huo ukoje, kwa kuwa alikuwa ameuandika, ukurasa wa pili. Halafu akalichukua, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, akafungua mwanzo.

Kurasa tatu za kwanza zilikuwa nyekundu tupu. Nilikuwa nimezishambulia: herufi kubwa hapa, nukta pale, "Tumia lugha fasaha", "Nani?", "Kwa nini?". Nilitamani ardhi inimeze. Akapindua wa nne. Katikati ya ukurasa palikuwa na alama moja nyekundu, nusu ya mduara, haijafungwa. Akapindua wa tano, wa sita, wa saba, akaruka mpaka hamsini, mpaka themanini. Hapakuwa na nyekundu tena mahali popote.

"Madamu, huku mbele hukusahihisha?"

"Nilisahau."

"Ulisahau?"

"Nilikuwa nasoma," nikasema.

Akainamisha kichwa. Alifurahi, nilimwona, ingawa alijitahidi nisione. Hakuna alama niliyowahi kutoa iliyompa mtoto uso ule. Nikajiona nimesamehewa, na kwa kuwa mimi ni mimi, papo hapo nikataka zaidi.

"Sasa niambie," nikasema, na sauti ilinitoka ya kuomba. "Aliyefungua mlango alikuwa nani?"

Alifungua ukurasa wa mwisho. Aliufuata ule mstari wa wino kwa kidole mpaka ukingoni, akafikiri, kwa kweli alifikiri, si kunikomoa.

"Siku ile nilikuwa namjua, madamu. Nilikuwa namwona kabisa, mpaka nguo aliyovaa. Lakini kwenye insha nikaandika mjomba, ukanipa tisini na mbili." Alifunga daftari polepole. "Sasa kila nikifika pale mlangoni, anatoka mjomba."

Sijawahi kukemewa kwa adabu namna ile. Nilisimama pale na mchicha wangu mkononi. Nikamwambia alama ile ni ya kipuuzi, nitaifuta. Akatabasamu, akasema hapana, madamu, baba kashaambiwa, amefurahi sana. Kisha akaomba ruhusa arudi kufua.

Sasa yuko kidato cha nne, na bado namfundisha. Sijamuuliza tena. Muuza vitabu wa mjini ananiuzia mauaji kama kawaida, na siku hizi sijifuniki mtandio. Nimemwambia wazi ni yangu mimi. Matroni aliacha kunisalimia kwa wiki mbili, akarudi kunisalimia, na mara moja akaniletea kabeji.

Wiki iliyopita, kipindi cha saba, nilikuwa ubaoni naeleza taharuki. Nikageuka kidogo kuchukua chaki. Safu ya tatu, dirishani, alikuwa ameinama, kitabu cha kiada kimesimamishwa mbele yake kama ukuta, na mkono wake unakwenda haraka. Miguu yangu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, ikataka kwenda. Nikaukabili ubao. Nikaanza kuandika tena fasili ile ile ya taharuki, kwa herufi kubwa, taratibu kabisa, na niliposikia darasa linaanza kunong'ona kwamba madamu anarudia, nikairudia mara ya tatu, mpaka nikamsikia ameweka kalamu chini.